Vina Alivyoviacha Mezani

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeingia studio kichwa kimevurugika. Tunamkumbuka fundi cherehani aliyefariki wiki iliyopita. Wengi tulimwita Mama Vina. Ukienda kwake kupunguza suruali, ulimkuta mwimbaji amekaa kwenye benchi, anaomba kina cha kumalizia wimbo.

Mama Vina alitunga kwa kuanzia mwisho. Nasema tena, alianzia mwisho. Alichukua chaki ya kukatia nguo, akaandika vina ukingoni mwa meza, kimoja chini ya kingine. Mbele ya kila kina aliacha patupu. Akishona, akijaza. Shairi likikamilika, alifuta kwa kiganja.

Na alikuwa mkali! Ukimletea vina vya “ni”, jikoni, njiani, alikurudisha hapo hapo. “Ukitia ‘ni’ kila mahali, hata kabati litatunga,” alisema. Mimi mwenyewe alinirudisha, nami nikanuna kama mtoto.

Sasa sikilizeni. Asubuhi ya msiba, dada yake alishika kitambaa afute meza, wageni wawekewe chai. Binti wa marehemu akampigia kelele, “Mama mdogo, usifute!” Mezani kulikuwa na maneno manne ya chaki: dirishani, mezani, begani, nyumbani. Mbele yake, patupu.

Vyote vya “ni”! Mama Vina huyu huyu? Nikamgeukia binti.

“Mama alikuwa amechoka tu,” binti aliniambia. “Akiwa mzima asingeandika hivi.” Mwimbaji mmoja akajitolea kujaza ubeti huo uimbwe mazikoni. Akaujaza vizuri, tena vizuri sana. Lakini mume wa marehemu, dereva wa lori mstaafu, akakataa katakata.

Mzee huyu, wasikilizaji, hajawahi kutunga kitu. Miaka yote ya ndoa alitamani kumwimbia mkewe wimbo wake mwenyewe, mkewe akimcheka, “Wewe endesha gari, baba.” Sasa mke anazikwa, na wimbo hana. Aliisogelea ile meza, akavisoma vile vina. Kisha akasema, “Hivi hata mimi naviweza.”

Akaomba aachwe peke yake. Mazikoni alisimama, sauti imepinda, akaimba:

Nakuona umekaa, unashona dirishani,
Chai yako imepoa, ingali ipo mezani,
Nani atanipimia, kwa futi yako begani?
Nimefika, mke wangu, mbona hujibu nyumbani?

Kina cha kati kimemponyoka kwenye mstari wa mwisho. Mama Vina angemrudisha. Sisi tulilia.

Je, alimwachia mumewe vina vile vyepesi kwa makusudi? Au alichoka, kama asemavyo binti? Nimeuliza huku na huku, sijui. Nakiri, sijui kabisa. Nilimuuliza mzee. Akanijibu, “Mwanangu, hata mimi sijui. Ila nafasi aliiacha, nikaingia.”

Kwa mzee, kwa binti, kwa mama mdogo na ndugu wote, poleni sana. Mungu awape subira. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemwekea maneno mpaka yakamilike, mfikirie leo. Mpelekee hivyo hivyo, yamepinda, angali anaweza kukucheka.

Ile meza, wasikilizaji, haijafutwa. Wageni wanashika vikombe mkononi.