Picha Mbili za Mtoto wa Ndaya

Baba Padri, ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya ndugu yetu Amédée Kalunga, mpiga picha, kama alivyotuomba mwenyewe, bila kuficha kitu.

Alizaliwa hapa Kamina tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mzee Numbi, mfanyakazi wa reli, akamaliza shule ya msingi kwa Mapadri mwaka 1964, akajifunza kazi ya picha Likasi, na tarehe 3 Agosti 1976 akafungua studio yake karibu na stesheni. Mwaka 1979 alimwoa Émerence Kapenda, wakapata watoto watano, wawili wakamtangulia.

Vita ilipotujazia mji wakimbizi, wageni wa shirika moja la misaada walifika Machi 2000 na kamera isiyotumia filamu, wakaenda naye Kabondo-Dianda, kwenye kambi ya watoto waliopotezana na wazazi, na kila mtoto akapigwa picha mara mbili, kwa kamera yao na kwa yake. Picha za wageni zilibandikwa ukutani kwa parokia wiki ileile, lakini kamera yao iliujenga uso kwa nukta chache, kama mosaiki ya mawe makubwa, na alama ndogo zikapotea, wakati filamu inashika hata unywele mmoja.

Ndaya, mama wa Bukama, alisimama mbele ya picha ya mtoto wa kike wa miaka miwili, akasema, "Macho njo yake, lakini kovu ya juu ya jicho miye siione." Amédée akamjibu, "Ngoya kwanza picha yangu ya filamu, mama, ile itaonyesha yote, usifanye safari ya bure."

Treni zilikuwa zimesimama, dawa za kusafishia filamu zikakwama Lubumbashi hadi tarehe 19 Juni. Picha ilipotoka, kovu lilionekana wazi, Ndaya akasafiri siku nne kwa baiskeli hadi kambini, akaonyeshwa kaburi. Mtoto wake, Élisa, alikuwa amekufa kwa surua tarehe 2 Mei.

Tangu hapo Amédée hakubishana tena juu ya kamera iliyo bora. Aliwaomba wageni ile yao, akawasogelea watoto hadi uso ujaze picha nzima, na kila mama aliyesitasita ukutani alimwambia aende leo. Watoto kumi na tisa walirudi kwao.

Kikohozi kilimshika Agosti 2001, akafariki hospitalini tarehe 9 Novemba, saa kumi alfajiri.

Tunawashukuru waganga na masista waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni, na wapiga picha wenzake waliobeba jeneza. Tunamshukuru pia Mama Ndaya, aliyefika jana. Alisema hakuja kulia, alikuja kuomba ile picha ya filamu, maana hana nyingine ya mtoto wake, na familia imemkabidhi.

Amédée, kazi imekwisha, pumzika kwa amani.