Mwalimu wa Udereva na Mvinyo wa Msimu

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee habari za maisha yake, na wifi yangu, mjane wa marehemu, ameniomba nisimpambe mumewe, kwa kuwa hakuna kitu alichokichukia kama kinywaji kilichotiwa sukari ili kuficha ukali wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba yetu fundi kufuli na mama yetu mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na tangu alipoanza kutambaa alinusa kila kitu kabla ya kukigusa, mkate, viatu, vitabu, hata wageni, mpaka siku moja akamnusa mjomba mlangoni na kutangaza mbele ya mkewe kwamba mjomba amepitia kilabuni, mama akasema, “Pua hii itatutoa jasho,” na hakukosea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, na kuhusu masomo yake itoshe kusema kwamba alimaliza.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa mwalimu wa udereva, kazi aliyoifanya mpaka anastaafu, na wengi mlioketi hapa mmefika salama leo kwa sababu ya ule mguu wake uliokuwa juu ya breki ya mwalimu mchana kutwa. Angeishia hapo tungeshukuru. Lakini mwaka 1984 mwanafunzi wake mmoja, binti wa msimamizi wa kiwanda cha mvinyo nje ya mji, alimwalika siku ya kufunguliwa mvinyo mpya, akapewa glasi, akainusa, na ndugu zangu, mtu yule hatukumpata tena.

Kiwanda kile hutoa mvinyo wake mara mbili kwa mwaka, ule mwepesi baada ya mavuno na ule mzito wa mapipani wakati wa baridi, na kila msimu ulipokaribia marehemu hakulala wala hakutuacha tulale, atakupigia simu uko jikoni, “Dada, mwaka huu mvua iliwahi kukatika, zabibu zina maganda manene, ngoja uone!” nami namwambia, “Mdogo wangu, vitunguu vyangu vinaungua,” naye anauliza vinanukaje. Wanafunzi wake wote walijifunza kupanda mlima kwenye barabara ya kiwanda na kurudi nyuma kwenye ua wa kiwanda, mpaka walinzi wa pale wakawa wanawasahihisha usukani. Tone moja likipita kooni hakuendesha gari, hilo nalishuhudia, aliendeshwa, na akiendeshwa alisema njia nzima.

Tarehe 6 Juni 1987 alimwoa mmoja wa wanafunzi hao, aliyefeli mtihani wa udereva mara mbili, wengine wanasema kwa makusudi, na harusi yenyewe ilisogezwa mbele kwa wiki moja kwa kuwa tarehe ya kwanza iligongana na ufunguzi wa mvinyo, ndipo mama mkwe wake akamuuliza binti yake mbele yetu sote, “Umeposwa na mtu au na chupa?” Wifi hakuonja mvinyo siku ile wala miaka thelathini iliyofuata.

Walijaliwa binti na mtoto wa kiume. Binti aliolewa mwaka 2014, na baba yake aliposimama kutoa nasaha, ukumbi mzima kimya, alitumia nafasi yake yote kuwagombeza wahudumu kwamba mvinyo umemiminwa ukiwa moto kama chai, binti akalia mpaka vipodozi vyake vyote vikachuruzika, na hakumsemesha baba yake mpaka mavuno yakapita.

Mwanzoni mwa 2018 aliugua mafua makali, akapona, lakini pua haikupona. Daktari alimwambia harufu huenda ikarudi, huenda isirudi, na haikurudi. Sisi wengine, Mungu atusamehe, tulishusha pumzi, tukasema sasa tumepata nafuu. Siku ya ufunguzi nilifika kwao nikamkuta ameketi mezani jikoni, amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kung’aa, haendi popote. Wifi alikuwa anaosha vyombo. Alimtazama, akafuta mikono, akachukua funguo za gari ukutani, akasema, “Inuka. Mimi nitanusa, wewe utaniambia kama nasema upuuzi.”

Kule kiwandani wifi alipewa glasi, akanusa, akasema, “Inanuka mvinyo.” Marehemu akamuuliza mvinyo gani. “Mvinyo wa kwenye glasi!” Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka, alingoja tu, na wifi akarudisha pua, akakaa nayo humo, akasema polepole, “Kama mkoba wa mama, ule wa ngozi, ukiufungua.” Marehemu akafumba macho, akanywa, akasema, “Ndiyo huo.” Tangu hapo hawakukosa msimu, waligombana kwenda na kurudi, na mimi nikawa napigiwa simu na watu wawili.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka jana, akalazwa mwezi Julai mwaka huu. Wifi alikwenda kwenye ufunguzi peke yake, chupa ilikatazwa wodini, kwa hiyo aliinama akamweleza kwa mdomo, naye kwa sauti iliyobaki akasema, “Kuna kitu umekiruka.” Wifi akamjibu, “Basi upone, ukanuse mwenyewe.” Alifariki tarehe 2 Agosti, na kwa jibu hilo wifi hajapata usingizi, ingawa nimemwambia kwamba mdogo wangu alikuwa anatabasamu, nilikuwepo, nilimwona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupokea majumbani mwao, na walimu wenzake wa udereva waliotuegeshea magari yote leo. Watu wa kiwanda wameleta mvinyo wa msimu, utafunguliwa baada ya maziko, anayetaka anywe, asiyetaka asinywe, ila tafadhali, mtu yeyote asimuulize wifi unanukaje.

Pumzika sasa, mdogo wangu, kwa amani ambayo hukutupa.