Bi Thuwaiba na Hesabu ya Watoto wa Chundwa

Wasikilizaji wapendwa, assalaamu alaykum. Jumanne tulimzika Bi Thuwaiba binti Bakr wa Chundwa, mhudumu wa afya wa kujitolea. Wengi wenu mnalikumbuka daftari lake la kijani. Na mlilikimbia, tusidanganyane.

Miaka miwili iliyopita alipita nyumba kwa nyumba akiuliza idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano. Alitaka kitu kimoja tu: muuguzi wa kukaa Chundwa. Bila idadi, hapana muuguzi. Lakini nani kwetu hutaja idadi ya wanawe mbele ya mtu mwenye kalamu? Tunaogopa kijicho.

"Karatasi hiyo yenda wapi?" aliulizwa mlangoni. "Na ni nani mwenye kuisoma?"

Wenye wanne walisema mmoja. Daftari likatoka na watoto sitini na mmoja. Ofisini, mjini Amu, afisa wa afya akamwambia sitini na mmoja hawatoshi kupewa muuguzi.

Bi Thuwaiba hakugombana na mtu. Alikwenda kwa Mwalimu Umulkheir, anayesomesha darsa ya wanawake, wakashauriana. Ramadhani ile kila mama alitia kokwa moja ya tende kwa kila mtoto, ndani ya kikapu chenye kifuniko. Hakuna jina. Hakuna aliyeona mwenzake ametia ngapi. Zikatoka kokwa mia mbili na kumi na nne. Narudia, mia mbili na kumi na nne.

Sasa afisa naye akashuku. Watoto wote hao wametoka wapi, ghafla hivi? Akaja mwenyewe siku ya chanjo, akaitazama foleni, akatia sahihi ombi la muuguzi. Muuguzi amefika mwezi uliopita.

Na bado hatukuridhika. Binti wa marehemu, Khairiya, aliniambia jana: "Watu wamekuya kuhani msiba, na bado waniuliza majina ya wana wao mama aliyapeleka wapi."

Wasikilizaji, Bi Thuwaiba hakupeleka hata jina moja.

Kwako Khairiya na jamaa wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu. Na wewe unayenisikiliza, jiulize ulimficha nani, na ulimficha kwa faida gani. Mimi nimeshajiuliza, na nimeona haya. Ramadhani ile nilimkataza mke wangu kumhesabu mtoto wetu. Juma lililopita homa ilimpanda huyo huyo, na aliyemtibu ni yule muuguzi.

Kwa hiyo hesabu ya Bi Thuwaiba ilipungua mtoto mmoja. Ana miaka mitatu. Anaitwa Razan.