Bwana Mizani na Unga Uliokuwa Ukipungua

Kamati ya mazishi imeniomba nisome kwa kifupi na nisitaje unga. Nimekubali la kwanza. Mimi ni binti yake mkubwa, na hili la pili walilisema haraka haraka mno, roho yangu ikalikataa.

Baba yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Bwana Mizani, alizaliwa Jumanne tarehe 11 Machi 1947, mtoto wa mwisho wa fundi seremala. Alisoma shule ya msingi ya nyuma ya kituo cha reli kuanzia 1955 hadi 1962. Hesabu alizijua mpaka mwalimu akamshuku kuwa anaibia, akamsimamisha ubaoni afanye upya. Akafanya, akapata. Baba alitusimulia kisa hicho kila tulipoleta ripoti za shule, kisha akazikagua ripoti zenyewe mara mbili.

Alikuwa karani wa mizani katika ghala la nafaka toka 1966 hadi alipostaafu mwaka 2004. Wenzake walimuaga kwa zawadi ya jiwe la mizani la chuma, la kilo moja, akawa anatembea nalo mfukoni. Muuza nyama wa mtaa wetu, akimwona tu anavuka barabara, alianza kufuta mizani yake.

Mwaka 1971 alimwoa mama yetu, mpishi wa shule, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2015. Walijaliwa watoto watatu. Sote tulipimwa kwenye mizani ya ghala tukiwa ndani ya kikapu. Mimi nilikuwa kilo tatu na robo. Hakuamini, akanipima tena.

Kisukari kilimpata mwaka 2017. Mei mwaka huu kliniki ilimtaka afike kila Jumatatu apimwe sukari na apewe dawa ya wiki. Mwezi huo alikuwa kilo 64, Juni 61, Agosti 56. Akamwambia nesi mizani yao mbovu, na Jumatatu iliyofuata akaja na jiwe lake, akaliweka juu. Mshale ukasimama kwenye moja. Nesi akamuuliza, "Haya babu, mbovu ni nani?" Baba akalirudisha jiwe mfukoni. "Mizani ni nzima, mwanangu. Andika."

Sasa unga. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mfuko wa kilo ishirini na tano. Nikileta mwingine, ule wa kwanza umekwisha. Mzee mmoja, tena anayekonda? Nilimuuliza unakwenda wapi, akajibu, "Unatumika." Macho yangu yakamwangukia fundi cherehani wa chumba cha pili, mama aliyekuwa akiingia na kutoka na bakuli lililofunikwa kitambaa. Nikachora alama ya kalamu ndani ya mfuko. Siku ya tatu unga ulikuwa umeshuka mbali chini ya alama, nikajiona nimemnasa. Septemba nilimwambia fundi asikanyage tena pale. Hakubishana. Alisema, "Sawa dada. Ila mwangalie anavyokula." Nikayaona maneno hayo ni ya mwizi mzoefu. Mwisho wa mwezi huo nikapeleka nusu mfuko, ili mwizi akose.

Baba alifariki hospitalini Ijumaa tarehe 25 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 77. Daktari alisema alimeza dawa ya sukari tumboni hamna kitu, sukari ikashuka mno. Aliyemkuta sakafuni ni fundi cherehani. Hakuisikia redio ya baba kama kawaida, akavunja katazo langu.

Juzi dereva wa pikipiki alikuja kutupa pole, ana mfuko mdogo mkononi. "Dada, hizi ni kilo nne za Jumatatu. Nimezirudisha." Ndivyo baba alivyomlipa kwenda na kurudi kliniki, kwa unga, akiupima kwa jiwe lake. Kilo nne kila wiki. "Hakutaka muone anaomba mara mbili, unga kisha nauli," akasema. "Nami nilijua anakula, maana kila nikienda kumchukua nilimkuta na bakuli la uji la mama fundi. Mwezi huu sikuliona."

Oktoba alikwenda Jumatatu tatu. Katika ule mfuko wangu wa kilo kumi na mbili na nusu, alibakiwa na nusu kilo ya kula.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu na wajukuu saba. Kwenye karatasi mliyoshika orodha inaishia hapo, na najua walioikata. Mwenye kalamu aongeze fundi cherehani. Amekaa kule nyuma, karibu na lango.

Mama fundi, mwizi hakuwepo. Nilikufukuza wewe, na nikampunguzia baba yangu chakula. Naomba unisamehe, hawa wote wakisikia.

Baba, mizani ilikuwa nzima. Nimeandika. Lala kwa amani.