Mashavu Ambayo Nsimire Hajayaona

Tangu taksi iondoke Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi, Nsimire alikuwa akitazama migomba ikiyeyuka dirishani kama ndoto. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na kesho angepasuliwa hospitalini Mbarara.

"Daktari anajua unameza hiyo vidonge ya pumu?" aliuliza jirani yake wa kiti, Mastulah, muuza vitenge wa Kakoba, mtaa wa Mbarara, ambaye angemhoji hata dereva kama dereva angegeuka.

"Anajua. Miaka mingi nameza. Alisema ndivyo vilileta huu ukungu, lakini nisiviache, hata siku ya kupasuliwa."

"Sasa unaogopa nini?"

"Uso. Batu banasema vidonge vilinivimbisha mashavu, na miye sijayaona. Dada yangu alipofika toka kwetu Walungu, alinipita mu soko kama hanijui. Miye nilimujua kwa sauti."

Mastulah alicheka. "Mama, hapa Ankole zamani bibi harusi alikunywa maziwa mingi kutafuta mashavu kama hiyo!"

"Miye sikukunywa maziwa. Nilimeza vidonge."

"Uzuri ni uzuri tu."

Nsimire alipapasa shavu lake. "Basi bapasue jicho moja, nione wajukuu. Ingine baache. Hiyo ya ukungu nitatazamia kioo."

Taksi ilisimama Mbarara. Nsimire alishuka polepole, akasita mbele ya kioo cha pembeni cha dereva. Ndani mlikuwa na weupe tu, laini kama asubuhi ya ziwani. Akautabasamia, kama mtu anayeaga.