Miguso Mitatu Safi: Mwalimu Ezekiel Wekoye Avua Glavu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Ezekiel Wekoye anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Walinzi cha Kilele kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu kasoro siku mbili. Hizo siku mbili alizidai. Ofisi ikamweleza kwa upole kwamba zinaangukia Jumamosi na Jumapili, naye akajibu kwamba wezi hawana wikendi. Hatimaye alikubali kuziacha, ila amenituma niandike hapa kwamba hakuridhika.

Alizaliwa Tongaren, katika shamba la mahindi ambalo bado analilima mwenyewe. Karate alijifunza ujanani mjini Bungoma, katika ukumbi wa kanisa uliokuwa na sakafu ya simiti na viti vya kusukumwa kando. Chuo kilimwajiri Septemba 1994 katika tawi letu la Bungoma, kufundisha walinzi kujikinga kwa mikono mitupu. Mwaka 2003 aliletwa makao makuu hapa Kitale, lakini Bungoma hawakukubali kumwachilia kabisa. Tangu hapo kila Alhamisi amekuwa kule, na siku nyingine yuko kwetu, chupa ya chai kwapani.

Sijui amefundisha watu wangapi, na yeye mwenyewe aliacha kuhesabu zamani. Lakini ukifika kwenye lango la ghala, shule au benki kati ya miji hii miwili, ukapokewa na mlinzi aliyesimama miguu imeachana kidogo, viganja wazi mbele ya tumbo, sauti ya chini, huyo ni wa Wekoye. Anaweza kukulaza chini, na ndiyo maana hana haraka ya kukuonyesha.

Kila darasa jipya huanza kwa hadithi moja, na mhusika mbaya wa hadithi hiyo ni mwalimu mwenyewe. Mwaka 1997 alikuwa kijana mwenye nguvu, bingwa wa mitaa yote ya Bungoma, na alipenda sana kupigiwa makofi. Akaja mwanafunzi mpya, Levi, mwenye siku nne tu chuoni. Mwalimu akapigana naye mbele ya darasa kama anavyopigana na mabingwa wenzake. Teke moja likamvunja Levi mfupa wa bega. Levi akaenda nyumbani na hakurudi tena.

Wiki iliyofuata mwalimu alipanda baiskeli kwenda kuomba msamaha. Mama yake Levi alimkaribisha, akampa chai na viazi vitamu, akamwacha ale mpaka amalize. Kisha akamwambia, "Mwanangu, wewe umeshinda mtu hajaanza." Mwalimu anasema alirudi Bungoma kwa miguu akisukuma ile baiskeli, maana kuipanda aliona haya.

Hapo ndipo ilipozaliwa Tatu Safi, desturi ambayo hakuna chuo kingine ninachokijua kilicho nayo. Kila Ijumaa saa nane mchana, mkongwe mmoja anaingia mkekani na mgeni mmoja. Pambano halina muda. Linaisha mgeni akishamgusa mkongwe mara tatu, kifuani au mbavuni, kwa ngumi safi. Mkongwe haruhusiwi kumuumiza mgeni. Haruhusiwi pia kumpa mguso wa bure. Apunguze kasi mpaka iwe kasi ya mgeni na nusu yake, atumie kinga moja tu, aache mlango mmoja wazi, na amwongoze kwa mdomo mpaka auone. Lakini mlango huo aulinde kweli. Akisita makusudi ili aguswe, mwamuzi anapuliza filimbi na kusema, "Umempa." Hesabu inarudi sufuri.

Usidhani ni kazi rahisi. Kumpiga asiyejua, hata mlevi anaweza. Kumwacha akupige, hata gogo linaweza. Kazi iko katikati, na hapo katikati ndipo mwalimu ametuweka miaka yote hii. Mgeni anayebebwa anajua anabebwa, hata kama anacheka. Ile siku atakayosimama langoni mbele ya mtu mwenye rungu, mwili wake utakumbuka kwamba haukuwahi kuchukua kitu kwa haki.

Mimi nayasema haya kwa ujasiri kwa sababu nilikosea pande zote mbili. Nilifika chuoni mwaka 2012 kutoka Matisi, mshipi mweusi kiunoni na kichwa kimejaa moto. Tatu Safi yangu ya kwanza kama mkongwe nilimpiga dada mmoja, Wangechi, ngumi ya tumbo iliyomtoa githeri yote ya mchana. Mwalimu hakunifokea. Aliniletea ndoo na kitambaa nipanguse mkeka, kisha akaniweka kwenye benchi miezi sita. Kazi yangu ikawa kutazama mabega ya watu. Nilimchukia kwa miezi mitano. Wangechi alinisamehe siku ya pili, na hilo liliniuma zaidi.

Kosa la pili lilikuwa Bungoma, siku ya mahafali, wageni wa heshima wamejaa hemani. Nilipewa Kipkemboi, kijana mrefu, mpole, mwenye kutetemeka. Nikaona nimsaidie. Ndani ya dakika moja na nusu alikuwa amenigusa mara tatu, na wageni wakasimama kupiga makofi. Mwalimu naye akasimama, akasubiri makofi yaishe. "Umempa," akasema. "Zote tatu. Anza."

Tulianza. Pilau ilipoa, soda zikapata joto, kiongozi mmoja akaangalia saa mpaka akachoka kuiangalia. Baada ya dakika arobaini Kipkemboi alinipata mara ya tatu, chini ya kwapa, nami sikuiona ikija. Leo yeye ni msimamizi wa walinzi katika ghala moja hapa Kitale. Nilipomuuliza juzi kama anaikumbuka siku hiyo, alisema hivi: "Zile tatu za kwanza sikumbuki, madam. Zile za mwisho ata nikilala naziona."

Msimwogope lakini. Mwalimu ni mtu wa kicheko. Ni yeye aliyekuwa akifua jozi mbili tu za glavu za chuo kwa mikono yake na kuzianika kwenye ua wa nyuma, mpaka mbuzi wa jirani akala mbili, zote za mkono wa kushoto. Muhula mzima tulipigana kwa mkono wa kulia peke yake, naye akatangaza kwamba mbuzi ametuletea mtaala mpya. Anakunywa chai bila sukari lakini mandazi hana kipimo. Na mtu akilalamika kwamba amechoka, jibu lake ni lile lile: "Ati umechoka? Si basi upumzike ukikinga, bana."

Sasa nieleze jambo ambalo limetunyima raha tangu Septemba. Tatu Safi hula muda, na muda wa chuo ni mchache. Barua ya kustaafu ilipotoka, mkurugenzi wetu alisema wazi kwamba desturi hii itaendelea tu kama kuna mtu wa kuisimamia. Vinginevyo Ijumaa tutapigana kwa pointi za kawaida, dakika tatu tatu, kama kwingine kote. Akamuuliza mwalimu nani ashike filimbi. Wote tulikuwa chumbani. Mwalimu akanitazama, akasema, "Nduta anajua kupiga. Kufundisha pia anajua. Kuona, bado sijajua."

Siwezi kudanganya, iliniuma. Miaka kumi na mitatu nimekaa naye, na bado hajajua. Lakini hakuna niliyeweza kumlalamikia, maana aliyenifundisha kutotaka cha bure ni yeye.

Ijumaa iliyopita ilikuwa Tatu Safi yake ya mwisho. Alitaka kuipigana mwenyewe, na kwa kuwa hawezi kujiamulia, filimbi akanipa mimi. Mgeni alikuwa Jerono, binti wa kutoka pande za Mlima Elgon, mwenye wiki tatu chuoni, ambaye hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake isipokuwa kaka yake. Ukumbi ulijaa. Wenzetu wa Bungoma walikuja wote. Mama Nangila, mkewe mwalimu, alikaa mstari wa mbele karibu na mkurugenzi, na kando yao kulikuwa na keki.

Mwalimu alifungua mlango wake wa siku zote. Kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kinachelewa kidogo kila anaporudi nyuma. Kinachelewa, lakini kinakuja. Jerono alirusha ngumi hewani kama dakika kumi, mwalimu akimwelekeza kwa sauti ya chini, tazama bega, usitazame mkono, sogea na mguu kwanza. Dakika ya kumi na mbili akampata kifuani. Ya ishirini na moja akampata tena. Kufikia hapo goti la mwalimu, lile la kulia ambalo daktari amelikataza mengi, lilikuwa limeanza kuvuta.

Mguso wa tatu ulikuja muda si mrefu, mbavuni, na ukumbi ukalipuka. Simu zote zilikuwa juu. Mama Nangila alisimama. Mkurugenzi alikuwa tayari ameshika kisu cha keki. Jerono aliinua mikono, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Kile kiwiko hakikuwa kimekuja. Hakikuchelewa, kilibaki palepale. Niliona kama ninavyoona herufi hizi. Na nikajua kwamba pengine ukumbi mzima ni mimi peke yangu niliyeona, pamoja na mwenye kiwiko, na labda huyo binti.

Nilikuwa na filimbi mdomoni na mbele yangu mzee wa miaka sitini, goti bovu, pambano lake la mwisho, mkewe akitabasamu. Ningenyamaza, hakuna ambaye angenilaumu. Pia nilijua kwamba nikinyamaza, Tatu Safi imekufa hata kama mkurugenzi ataniachia filimbi. Nikapuliza. Kisha nikasema: "Umempa, Mwalimu. Sufuri."

Mtu wa nyuma alisema, "Ai, madam, huruma basi," na hakuna aliyecheka. Mwalimu akamgeukia Jerono, akainama mbele yake kama mwanafunzi anavyoinama kwa mwalimu, akarudi katikati ya mkeka. Mama Nangila akaketi. Kisu cha keki kikarudishwa mezani.

Ilichukua dakika thelathini na nne zaidi. Ukaja mguso wa kwanza, ukaja wa pili, na kwenye wa tatu Jerono alimhadaa juu, akashuka, akaingia chini ya kiwiko ambacho safari hii mwalimu alikileta kwa nguvu zake zote, kikachelewa kweli. Mwalimu alitoa mguno ambao hakuupanga. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuketi. Jerono naye alikaa chini akalia, na safari hii hakumtazama mwamuzi.

Baadaye, keki ikiwa imeisha, nilimfuata mwalimu nje alikokuwa akilowesha goti kwa maji baridi. Nilimuuliza kama alikuwa ananijaribu. Nilitaka aseme ndiyo. Ningelala vizuri.

"Hapana, bana," akasema. "Goti ilikuwa inauma, nikataka tu tumalize. Nilikuwa nimemnyima huyo musichana kitu yake, na mimi ndiye nilianzisha hii sheria." Akalimwagia goti maji zaidi. "Ungeniacha, Nduta, ningeenda Tongaren nikijua nimemaliza kama nilivyoanza na Levi. Nimekosea tu upande ule mwingine." Nilipomrudishia filimbi yake, alikataa kuipokea. Jumatatu asubuhi mkurugenzi alinipa barua ya kuisimamia Tatu Safi, na ndani yake sababu ilikuwa mstari mmoja kutoka kwa mwalimu: ameona.

Mwalimu Wekoye, chuo kinakushukuru, Kitale na Bungoma. Wanakushukuru walinzi waliorudi nyumbani salama alfajiri kwa sababu uliwafundisha kuchukua kilicho chao bila kumvunja mtu. Mama Nangila, asante kwa kutuazima mumeo Ijumaa zote hizi. Tunamrudisha akiwa na goti moja zima, na la pili tunaomba radhi. Mwalimu, nenda Tongaren ukapande mahindi yako, maisha yako yawe mema na marefu, na chai isipungue. Ijumaa saa nane ukumbi uko wazi kwako siku zote. Ukija utakaribishwa mkekani, na utaanza sufuri kama mtu mwingine yeyote.

Nduta Gathii
Mkufunzi, Kitale