Bila Dona

Basi la Weston lilikuwa likienda taratibu kwenye theluji, na Donatienne, aliyetoka kwenye kazi yake ya kutunza wazee, alikuwa nusu usingizini, nusu macho. Mbele yake walikaa wanawake wawili waliokutana kituoni, Mreno mzee na Mperu mwenye kofia nyekundu, wakizungumza Kiingereza cha kuokoteza.

"Siku kijana wa sokoni aliponiita Doña, kama bibi wa heshima, badala ya señorita, kama msichana, nililia," alisema Mperu. "Nikajua nimezeeka."

"Wewe ulilia kwa kupewa heshima hiyo," alijibu Mreno. "Mimi nilimpigia deki mwanamke wa Lisbon miaka kumi na tisa. Yeye aliitwa Dona Amélia, mimi Lurdes tu. Lurdes maji, Lurdes viatu."

"Kwetu hata muuza mahindi ni Doña."

"Kwetu sivyo. Na sasa hilo Dona silitaki tena. Hapa wote tuna majina matupu, tumelingana."

"Umelingana na karani wa benki, umri wa mjukuu wako, anayekuita Lurdes?"

 Mreno alifuta ukungu dirishani. Kwenye kioo kile Donatienne aliiona ikielea Bukavu, mji wa kwao, alikoitwa Mama Darius hata na waliomchukia. Huku msimamizi wake, msichana wa miaka ishirini na mbili, humwita Donatienne kana kwamba msichana huyo ndiye aliyemzaa yeye.

Basi likasimama. Bibi Mreno akashika chuma, akawa anatafuta ngazi kwa mguu. Donatienne akainuka, akampa mkono.

"Polepole, Dona Lurdes."

Bibi yule akageuka, akatazama nyuma yake kumtafuta huyo Dona.